Baba anasimulia enzi za kiwanja cha ndege cha Mwanza: kipi niandike, kipi niache?

"Baba yangu ana umri wa miaka 82. Alifanya kazi ya kuhudumia ndege katika kiwanja cha Mwanza tangu miaka ya sitini, enzi za Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki, hadi alipostaafu. Sasa anasimulia kila jioni: kwamba kila alfajiri walizungusha pangaboi za ndege za Dakota kwa mikono, kwamba abiria walipandishwa kwenye mizani kama marobota ya pamba, kwamba mchana wa jua kali ndege 'ilikuwa nzito' na mizigo ikateremshwa, kwamba zamani ndege ya London ilikuja hadi kiwanja chao, na kwamba wakati wa vita vya Kagera bomu lilidondoka likaua wanyama. Kaka zangu wanamcheka, wanasema anatia chumvi, hasa kwa kuwa anachanganya miaka: leo anasema 1968, kesho 1975. Nataka kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wajukuu kabla hatujachelewa, lakini naogopa kuandika uongo. Isitoshe, nikimuuliza jambo mara nyingi ananijibu nisilouliza, na tunaishia kupigiana kelele. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, nimeisoma barua yako mara mbili, na hofu yako nimeielewa hivi: hutaki kumpekua mzee kama shahidi mahakamani, na wakati huohuo hutaki wajukuu waje kusoma hadithi ambazo mtu mwingine atazikanusha. Mimi nilianza ufundi wa ndege mwanzoni mwa miaka ya 1980, na walionifundisha kushika spana walikuwa watu wa rika la baba yako, waliotoka katika karakana za Jumuiya iliyovunjika. Hadithi za aina hii nimezisikia kutoka vinywa vingi. Nikuambie mapema kwamba katika zote tano ulizozitaja hakuna hata moja ya kutupa. Mbili zinahitaji kunyooshwa kidogo, na kazi halisi iliyo mbele yako ni ya miaka, wala si ya matukio.

Nianze na pangaboi, kwa sababu ndiyo hadithi inayochekesha wengi na ndiyo iliyo sahihi kuliko zote. (Najua siku hizi watu wanalitumia neno hilo kuibeza ndege. Kwa sisi mafundi halikuwahi kuwa tusi.) Nadhani kaka zako wanafikiri mzee anadai kwamba Dakota iliwashwa kwa mikono, na hapo wana haki ya kutilia shaka, kwa kuwa Dakota ilikuwa na kiwashio chake cha umeme. Lakini kuzungusha panga kabla ya kuwasha ni jambo jingine kabisa. Dakota, ambayo jina lake la kiwandani ni DC-3, ilikuwa na injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja ikiwa na silinda kumi na nne zilizopangwa kuzunguka kitovu kama miale ya jua, katika safu mbili za saba saba. Maana yake ni kwamba baadhi ya silinda zilitazama juu na nyingine zilitazama chini, vichwa vikielekea ardhini. Ndege ikilala usiku kucha, oili iliyobaki ndani ya injini hufuata njia ya maji yote: huteremka polepole, hupenya kando ya pistoni na kujikusanya katika silinda za chini. Asubuhi, mtu akiwasha injini bila kujali, pistoni hupanda kwa nguvu na kukuta mbele yake oili badala ya hewa. Hewa hubanwa ikasinyaa, lakini oili haisinyai hata kidogo. Kitakachokubali kushindwa ni chuma: mkono wa pistoni utapinda, au kichwa cha silinda kitapasuka, na pengine madhara hayo hayatajitokeza hapo kiwanjani bali nusu saa baadaye, juu ya ziwa.

Ndiyo sababu kila alfajiri vijana wawili au watatu walilishika panga na kulizungusha kwa mikono, ubapa mmoja baada ya mwingine, swichi zikiwa zimezimwa, hadi injini imalize mizunguko yake yote na mikono ihisi kwamba hakuna kizuizi. Hapa kuna njia nzuri ya kumjua mzee anayesema kweli, nami nakuomba uitumie. Muulize: "Panga likigoma katikati, mlifanyaje?" Mtu aliyesoma habari hizi mahali fulani atakuambia kwamba waliongeza nguvu, au kwamba walilirudisha nyuma. Mtu aliyeifanya kazi hiyo atashtuka kidogo, kisha atakuambia kwamba waliacha palepale na fundi akaja kufungua plagi za silinda za chini ili oili itoke. Kulirudisha panga nyuma lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu oili husukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa, ikasubiri huko, na injini ikiwashwa hurudi ilikotoka. Jambo hili walikuwa wakifokewa tangu siku ya kwanza, na mtu aliyefokewa hivyo akiwa na miaka ishirini hasahau akiwa na themanini.

Ninataja njia hii kwa urefu kwa sababu ndiyo moyo wa jibu langu. Kumbukumbu ya mtu wa kazi imeshikwa na mwili wake na imeshikwa na sababu za mambo. Mzee anaweza asijue ilikuwa mwaka gani, lakini anajua kwa nini walifanya vile, na kipi kilifuata kipi. Ukitaka kupima ukweli wa simulizi yake, achana na "lini" uingie kwenye "kwa nini" na "halafu?". Majibu ya "kwa nini" yana uzito ambao chumvi haiwezi kuuiga.

Sasa tuje kwenye mizani na ndege kuwa nzito, kwa kuwa mambo hayo mawili ni ndugu. Hiyo ya ndege kuwa nzito ni mojawapo ya hadithi mbili nilizosema zinahitaji kunyooshwa. Jua kali haliongezi uzito wa ndege hata kwa gramu moja. Kinachobadilika ni hewa. Ndege huinuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake, na injini hula hewa ileile, na panga hukata hewa ileile. Hewa ikiwa nyepesi, vyote vitatu hupungukiwa kwa wakati mmoja. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata asubuhi yenye baridi hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na saa nane mchana, joto likiwa limeitanua, inakuwa nyepesi zaidi. Rubani husukuma injini hadi mwisho na ndege hukimbia sana kabla ya kukubali kuacha ardhi. Kiwanja hakirefuki kwa sababu ya jua, basi kinachopunguzwa ni mzigo: magunia ya barua, vifurushi, wakati mwingine abiria. Kwa mtu aliyesimama pembeni akiiona ndege ileile iliyoruka vizuri alfajiri sasa inajikokota, kusema kwamba "imekuwa nzito" ni lugha ya haki kabisa. Iandike kama alivyoisema, kisha mueleze mjukuu kuhusu hewa.

Kama mzee alikuwapo Fokker zilipoanza kuja, muulize pia kuhusu maji. Fokker Friendship ilitumia injini za Rolls-Royce Dart, na ili kurudisha nguvu iliyopotea kwa joto na mwinuko, katika injini nyingi za aina hiyo ulinyunyizwa mchanganyiko wa maji na methanoli wakati wa kuruka. Vijana wa kiwanjani ndio waliojaza tangi lake. Akikueleza kwamba waliweka maji kwenye ndege, usiwaambie kaka zako kabla hujawasomea aya hii.

Kuhusu mizani, katika ndege ndogo watu walipimwa kweli, na katika viwanja vingi vidogo wanapimwa hadi leo. Sababu haikuwa uzito wa jumla peke yake. Fikiria mizani ya mkono ya sokoni: jiwe dogo likiwekwa mbali na kishikio hushinda jiwe kubwa lililo karibu. Ndege nayo ina kishikio chake, karibu na mabawa, na abiria mnene akiketi nyuma kabisa, huku mizigo nayo ikiwa nyuma, mkia huelemewa na pua huinuka kupita kiasi ambacho rubani anaweza kukidhibiti. Kwa hiyo mtumishi wa kiwanja alijaza karatasi ya mzigo, akapiga hesabu, akamwambia mama mwenye mwili, "Shikamoo mama, wewe utakaa hapa mbele." Muulize baba yako alikuwa akiwaambiaje watu kwa adabu kwamba wahame viti. Nina hakika ana hadithi tano, na hizo ndizo wajukuu watakazozipenda kuliko yangu ya methanoli.

Hadithi ya London ndiyo ya pili inayohitaji kunyooshwa. Ni kweli kwamba Mwanza iliwahi kuwa mwisho wa safari kutoka London: tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki iliyopita Misri na Sudan na kuishia Mwanza. Lakini ndege zilizofanya kipande cha mwisho zilikuwa za kutua majini, kwa hiyo hazikuteremka kwenye kiwanja cha baba yako bali ziwani. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town kwa ndege za nchi kavu zilizopitia Nairobi, na Mwanza ikaachwa kando. Kisumu ndiyo iliyoendelea kuziona ndege za majini baadaye. Baba yako alikuwa hajazaliwa. Si kwamba amedanganya: hadithi hii aliipokea kutoka kwa wazee aliowakuta kazini, na kwa kuisimulia miaka sitini imegeuka kuwa yake. Jambo hilo hutokea kwa kila mtu aliyedumu mahali pamoja. Dawa yake ni kumuuliza kwa upole, "Hili uliliona mwenyewe, Mzee, au uliambiwa?" na kuandika jibu lake kando ya simulizi. Hadithi ya kuambiwa nayo ina thamani yake, mradi imepewa jina lake.

Na bomu? Waite kaka zako wakae chini. Mwishoni mwa Machi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa ndani ya Uganda, ndege ya kivita ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kuishambulia Mwanza. Ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya wanyama iliyo ndani ya ziwa hatua chache kutoka mjini, yakaua wanyama. Simulizi ya mzee ni historia iliyoandikwa. Kilichobaki kwako ni kumuuliza yale ambayo vitabu havina: alikuwa wapi aliposikia mlio, nani alizima taa, siku iliyofuata walikwenda kazini au hawakwenda.

Hapo umepata pia ufunguo wa tatizo lako kubwa, yaani miaka. Wakati wa kazi baba yako hakuishi kwa kalenda. Aliishi kwa ratiba. Asubuhi elfu moja za kuzungusha panga hazikai akilini kama asubuhi elfu moja, zinajikunja zikawa asubuhi moja ndefu, na ukimlazimisha aipe mwaka atakupa wowote ulio karibu na ulimi. Kwa hiyo usimuulize mwaka. Muulize ilikuwa ndege gani, na mwaka utautafuta wewe. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza kuruka Januari 1946 kwa ndege ndogo za mbao na kitambaa aina ya Dragon Rapide. Dakota zilifuata na zilidumu hadi miaka ya 1970, kwa hiyo Dakota peke yake haikusaidii sana. Fokker Friendship ziliingia mwishoni mwa 1962. Super VC10, zile ndege kubwa za kwenda Ulaya ambazo huenda mzee alikuwa akiwaunganishia abiria wake kule Nairobi, zilianza mwishoni mwa 1966. Kiwanja cha Kilimanjaro (KIA) kilifunguliwa Desemba 1971. Tukio lolote linalotaja "kuteremka KIA" haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Hivyo mzee akisema kwamba mwaka 1968 alipakia mizigo ya KIA, wewe tabasamu, andika, na chini yake weka alama yako.

Mwaka 1977 ndio mpasuko mkubwa, na usiupite haraka. Jumuiya ilikuwa na shirika moja la ndege, idara moja ya hali ya hewa, idara moja ya usafiri wa anga, na makao yake mengi yalikuwa Nairobi. Nchi wanachama zilipogombania michango na madeni, shirika la ndege lilisimama mwanzoni mwa mwaka huo, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na tarehe 11 Machi 1977 ikaundwa Air Tanzania. Kwa maneno ya magazeti hiyo ni habari ya serikali tatu. Kwa mtumishi wa kiwanja cha mkoa ilikuwa asubuhi ambayo ndege haikuja, spea zilizobaki ng'ambo ya mpaka, fundi rafiki aliyegeuka mgeni wa nchi nyingine kwa usiku mmoja, na mafao ambayo wastaafu wa Jumuiya walikuja kuyadai kwa miaka mingi. Ninashauri kikao kizima kiwe cha mwaka huo, na usikifanye usiku, kwa sababu wazee wengi niliowasikia wakiusimulia hawakulala vizuri baadaye.

Tarehe 26 Februari 1982 ni kigingi kingine cha kufungia kamba. Siku hiyo Boeing 737 ya Air Tanzania iliyoondoka Mwanza ilitekwa, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Kila aliyekuwa akifanya kazi Mwanza anakumbuka alikuwa zamu au hakuwa zamu. Ukishajua tukio fulani lilikuwa "kabla ya ndege kutekwa" au "baada", umepunguza utata wa miaka kumi kwa swali moja.

Picha nazo zinaongea, kama zipo. Chukua kioo cha kukuzia utazame herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege. Ndege za Tanganyika ya ukoloni zilianza na VR-T na za Kenya na VP-K. Baada ya uhuru zikawa 5H na 5Y, na za Uganda 5X. Usidanganywe na jambo moja: ndege za shirika la Afrika Mashariki ziligawanywa kwa usajili kati ya nchi tatu, hata Super VC10 zilikuwa na 5X-UVA, 5H-MMT na 5Y-ADA ndani ya kundi lilelile, kwa hiyo kukuta 5Y katika picha ya Mwanza hakumaanishi kwamba picha ilipigwa Kenya. Mkia wenye twiga wa Air Tanzania unakupeleka baada ya Machi 1977 moja kwa moja. Picha zilizoganda kwenye kioo cha fremu usizibandue. Zipige picha zikiwa hapohapo, kisha mpelekee mtu mwenye utaalamu wa kuhifadhi nyaraka. Na tafadhali usizitie plastiki ya moto, hata kama kibanda cha jirani kinatoza bei nafuu.

Kuna mambo ambayo barua yako haikuyataja na ambayo mzee karibu hakika anayo, ila hajui kwamba yana maana. Muulize kuhusu mafuta. Dakota ilikunywa petroli ya ndege iliyotiwa rangi ya kijani, Fokker ilikunywa mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa, na kukosea pipa kulikuwa kosa la kuua watu. Muulize namna walivyokinga mafuta kidogo kwenye chupa kila alfajiri na kuyainua kwenye mwanga: unyevu wa hewa ndani ya tangi hugeuka maji usiku, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hutulia chini yakaonekana kama shanga. Muulize kuhusu zile taa za mafuta zenye mdomo mrefu na utambi, koroboi kubwa kwa kweli, zilizopangwa kando ya njia ya kurukia ndege ilipochelewa, na nani alikimbia kuziwasha upepo ulipozizima. Muulize kuhusu simu ya upepo na sababu ya Nairobi kupotea jua lilipozama. Mawimbi mafupi ya redio, yale yanayosafiri mbali, huakisiwa na tabaka za juu za anga, tabaka hizo hubadilika giza likiingia, na masafa yaliyofaa mchana hayafai tena hadi mtu wa redio ahamie mengine. Muulize, mwisho, kama aliwahi kuona moshi juu ya ziwa usiokuwa moshi. Wadudu wa ziwa huruka kwa makundi makubwa mno yanayosimama kama nguzo za moto wa nyika, na mgeni aliyeyaona kwa mara ya kwanza angeweza kabisa kudhani kuna meli inaungua.

Ukiuliza, usimpe jibu ndani ya swali. "Mlikuwa mnaogopa, sivyo?" itakuletea "ndiyo" isiyo na kitu. "Ukifika kazini, kitu cha kwanza ulishika nini?" itakuletea saa nzima. Rekodi sauti kwa simu yako, iliyowekwa karibu naye juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu. Video ina faida pale anapoonyesha kwa mikono, kwa mfano ishara za kuiongoza ndege hadi mahali pa kusimama, lakini wazee wengi wakiiona kamera hukaa kama wanapigwa picha ya pasipoti, na maneno hukauka. Mimi ningeanza na sauti, nikaileta kamera kikao cha tatu au cha nne. Kaka zako uwakaribishe mara moja moja tu, na kwa sharti la kunyamaza.

Anapokosea, usimsahihishe katika rekodi na usimsahihishe katika maandishi. Wapo watakaokushauri urekebishe kimyakimya ili kitabu kiwe safi. Naelewa hoja yao, ila siikubali, kwa sababu ukishaanza kuparura sentensi zake hakuna atakayejua ipi ni yake na ipi ni yako. Acha maneno yake yalivyo, kisha weka maelezo yako chini kwa herufi tofauti. Tarehe unaweza kuzihakiki katika magazeti ya zamani. Mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa ni mahali pa kwenda kwa miguu yako mwenyewe, na barua yake ya ajira ikiwa mkononi. Majina ya wenzake anaowasimulia kwa ubaya yaache nje hata kama kitabu ni cha nyumbani. Wana wao bado wanaishi mitaa ileile.

Nimeacha suala la kelele mwisho kwa makusudi, ili likae akilini, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri kuliko mengine yote. Baba yako kukujibu usilouliza huenda si ukaidi wala si akili kuchoka. Injini ya Dart ilikuwa na mlio mkali mwembamba uliopenya hadi kwenye meno, na watu waliosimama karibu nayo kwa miaka mingi, wengi bila kinga ya masikio, walilipa kwa masikio yao. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, na zile za sauti nyembamba ndizo hufa kwanza na hazioti tena. Mtu wa namna hiyo husikia irabu vizuri ila konsonanti kama s, f, sh na t humpotea, na umri nao huongeza pengo lilelile. Wewe unasema "fika," yeye anapata "i-a" na kubuni kilichobaki. Kumpigia kelele hakusaidii, kwa kuwa kelele huongeza irabu ambazo alikuwa anazisikia tayari. Kaa mbele yake, mwanga uwe usoni mwako, sema taratibu kwa sauti ya kawaida, zima redio.

Hata hivyo mimi ni fundi wa ndege, si daktari, na haya ninayoyasema hayatoshi. Mpeleke hospitali yenye kitengo cha masikio akapimwe usikivu. Pengine watakuta nta tu, na pengine atafaidika na kifaa cha kusikilizia. Ikiwa sikio moja limeziba ghafla, au anapata kizunguzungu, usingoje wiki. Na utofautishe mambo mawili: mzee anayechanganya 1968 na 1975 ni mzee wa kawaida, lakini mzee anayesahau kwamba amekula saa moja iliyopita, anayepotea njia ya nyumbani, au anayerudia swali lilelile katika mazungumzo yaleyale, anahitaji daktari amwone ana kwa ana, na mapema. Wewe hukunieleza dalili za namna hiyo, nami sijaziona katika barua yako.

Basi kapimeni masikio kwanza, halafu uanze na lile panga lililogoma.